Tone Unaloliokoa Huenda Wapi?

Kazi yangu ni kufunga maji. Watu mtaani wakisikia naosha madirisha ya maofisi kule Westlands na Upper Hill, wanafikiri kazi yenyewe ni kusugua. Kusugua ni nusu tu. Nusu ya pili, ile inayomtenganisha fundi na mtu aliyeshikishwa brashi jana, ni kujua maji kiasi gani yapande, yapande lini, na yafungwe lini.

Tunatumia fimbo ya kaboni, nyepesi, ambayo unaivuta kipande baada ya kipande hadi ifike ghorofa ya nne au ya tano huku wewe umesimama chini. Mpira mwembamba unapita ndani yake mpaka juu, kwenye brashi yenye vitundu vinavyorusha maji. Maji hayo yamepitishwa kwenye mashine ya kuchuja hadi karibu chumvi yote imetoka, kwa sababu ni chumvi inayoacha madoadoa maji yakikauka. Yakiwa safi kabisa huhitaji kitambaa: unasugua, unasuuza, unaenda dirisha linalofuata, na kioo kinajikausha chenyewe. Chini, kwenye troli, kuna tangi, pampu ya betri, na kisanduku chenye namba tunachokiita kontrola. Ukipandisha namba, pampu inasukuma zaidi. Ukishusha, inapunguza. Kisha karibu na mkono wako, kwenye mpira, kuna koki ndogo. Ukiifunga, kontrola inahisi kwamba maji hayana pa kwenda na inazima pampu. Ukiifungua, pampu inaamka.

Ukiweka maji machache mno, uchafu unalegea lakini hauna wa kuubeba, unakauka ukiwa mistari. Ukiweka mengi mno, kioo kinatakata sawasawa na kingetakata kwa nusu yake, na yale ya ziada yanashuka ukutani, yanapita kwenye saruji, yanaingia mtaroni. Kuna kipimo cha katikati, na mkono ukizoea unakijua bila kuangalia namba.

Sasa tupige hesabu kidogo. Mtu mvivu huweka lita 2 kwa dakika na kusahau. Kwenye vioo vya kawaida, visivyo na vumbi la ujenzi, mimi hufanya kazi na lita 1.2. Tofauti ni lita 0.8. Kwa saa nne za brashi kwa siku, hiyo ni lita 192, karibu mitungi 10 ya lita 20. Lakini haiishii hapo. Mashine ya kuchuja ikinyweshwa maji ya kisima yenye chumvi nyingi, yetu hutoa lita 1 safi na kumwaga karibu 2 zenye chumvi iliyobaki. Kwa hiyo lita 192 nilizookoa kwenye ncha ya fimbo ni kama lita 576 ambazo hazikuvutwa kutoka tangini. Mitungi 29 hivi. Ukiwa umekulia Eastlands, huwezi kuisikia namba hiyo ukatulia. Unaiona imepangwa: mitungi 29 ya njano, foleni kutoka kioski hadi kona.

Mwenzangu mmoja wa zamu, mkaazi wa Kayole, alinisikiliza nikiipiga hesabu hiyo, kisha akaniuliza swali moja: "Sawa bro, umeokoa. Na yameenda wapi?"

Hakuwa anatania. Alikuwa na hoja, na nataka kuiweka hapa kwa ukamilifu kwa sababu ni hoja nzuri. Maji ninayookoa Westlands, alisema, yanabaki kwenye tangi la jengo la Westlands. Bili ya jengo inashuka, meneja anafurahi. Kwao Kayole mfereji ukifunguliwa unatoa hewa. Mimi nikifunga koki, mfereji wa Kayole unatoa hewa. Nikiacha koki wazi kutwa, mfereji wa Kayole bado unatoa hewa. Sasa hiyo nidhamu yangu inamfaa nani?

Majibu rahisi yapo, na yote nimeyasikia. La kwanza ni haba na haba hujaza kibaba. Lakini methali hiyo inadhani kuna kibaba, na kwamba haba zote zinaangukia ndani yake. Mwenzangu hakuuliza kama haba ni kitu. Aliuliza kibaba kiko wapi. Jibu la pili ni kwamba kufuja maji ni dhambi, jambo ambalo shosho yeyote atakuambia, na sina ugomvi nalo. Ila halimjibu mtu anayetaka kujua kama tendo jema lina mahali linapofika. La tatu ni la mdosi: unalipwa, funga koki. Hilo ni agizo tu.

Kuna mwanafalsafa wa Uingereza, Derek Parfit, ambaye mwaka 1984 alitoa kitabu kiitwacho Reasons and Persons. Ndani yake kuna mfano wa maji ambao ningependa mwenzangu ausikie. Fikiria watu elfu kumi wamelala jangwani, wana kiu kali. Mahali pengine kuna watu wengine elfu kumi, kila mmoja ana kikombe cha maji, kama nusu lita hivi. Kuna gari la maji. Kila mtu anaweza kumwaga kikombe chake ndani ya gari, gari liende jangwani, na maji yagawanywe sawasawa. Wote wakimwaga, kila mwenye kiu atapata kikombe kizima. Lakini angalia upande wa mtoaji mmoja. Kikombe changu kikigawanywa kwa watu elfu kumi, kila mmoja anapata unyevu ambao ulimi hauwezi kuuhisi. Nikikosa kumwaga, hakuna hata mmoja atakayegundua. Je, basi sijafanya kosa?

Parfit anasema tukihesabu hivyo tunakosea hesabu. Tendo linaweza kuwa jema au baya kwa sababu ni sehemu ya matendo ambayo kwa pamoja yanamnywesha mtu au kumwacha na kiu, hata kama sehemu yako peke yake haionekani. Nakubaliana naye. Hoja hiyo inatosha kumjibu kila anayesema tone moja halina maana kwa sababu ni dogo.

Lakini isome tena ukiwa umekaa Kayole, uone kile ambacho mfano unakipa bure. Unakupa gari. Gari limeegeshwa pale, tangi lake liko wazi, dereva anajua njia ya jangwani, na akifika atagawa sawasawa. Parfit alihitaji gari hilo ili aulize swali lake kuhusu matone, na si kosa lake. Ila sisi wa Nairobi tunaanza na swali lililo kabla ya hilo. Tuna watu wengi wenye vikombe. Gari linaenda wapi?

Nalo lipo, tusidanganyane. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, linashika mita za ujazo milioni 70 na ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya maji ya jiji. Maji yanasafishwa Ngethu, yanafika kwenye matangi ya Gigiri, kisha yanagawanywa. Mji wenyewe unaitwa maji: Enkare Nyirobi, maji baridi, kwa Kimaasai. Lakini ramani ya mji ilichorwa na serikali ya kikoloni ambayo iliwaweka Wazungu kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, na Waafrika kwenye tambarare ya mashariki, karibu na reli na viwanda. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Buruburu, Umoja na Dandora zilikuja miaka ya 1970. Umoja ilijengwa iwe ya nyumba ndogo za familia moja moja. Leo nyingi ya nyumba hizo zimebomolewa na mahali pake pana maghorofa, na pale palipokuwa na familia moja unaweza kuhesabu arubaini. Halafu Januari 2017 jiji likaanza mgao wa maji wenye ratiba, kila mtaa na siku zake, na tangu hapo neno "mgao" limekuwa la kawaida mtaani kama neno "stima."

Kwenye karatasi, gari liko safi. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji kuwa haki ya binadamu. Tarehe 27 Agosti mwaka huohuo Kenya ilizindua katiba mpya, ambayo kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Umoja wa Mataifa unataja kati ya lita 50 na 100 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu wanne ikichukua kiwango cha chini kabisa, hiyo ni mitungi 10 kila siku. Kwa mkokoteni, mtungi huwa shilingi 20 siku nzuri na 50 siku mbaya. Hesabu ya mwezi jifanyie mwenyewe.

Nikiwaza juu ya swali la mwenzangu, niligundua kwamba jibu nilikuwa nalishika mkononi kila siku kazini, na kukosekana kwake nilikuwa nakuona kila usiku nyumbani.

Kazini, koki iko mkononi mwangu na kioo kiko mbele ya macho yangu. Nikipunguza maji sana, naiona mistari. Nikizidisha, nayaona yakishuka ukutani. Mkono unaofungua na jicho linaloona mwisho wa maji ni vya mtu mmoja. Ndiyo maana kipimo kinawezekana. Mtu akishikilia koki akiwa ndani ya gari, bila kuona dirisha, hata awe mwema kama malaika, ataosha vibaya.

Ploti ninayokaa ina ghorofa saba. Koki kuu iko chini, ndani ya kibanda chenye kufuli, na ufunguo anao keateka. Maji ya mgao yakija, mara nyingi ni usiku wa manane. Keateka anafungua koki, chini kunapata, ya pili kunapata, na watu wa chini wana mapipa, wana karai, wana beseni la mtoto, vyote vinajazwa. Msukumo hauwezi kupanda. Mpaka ghorofa ya tano mfereji unakohoa. Ya sita na ya saba ni hewa. Saa moja unusu baadaye keateka anafunga, analala, na asubuhi anamwambia mwenye ploti kwamba maji yalikuja na yaligawiwa.

Jamaa si mtu mbaya. Anaishi chini. Kwake maji yalikuja kweli. Mama wa ghorofa ya sita akimshukia asubuhi na mtoto mgongoni na mtungi mkononi, yeye anashangaa kwa dhati. Mkono wake uko kwenye koki, lakini jicho lake halifiki ghorofa ya sita. Na hilo ndilo tatizo la mgao wote wa Nairobi likiwa limewekwa ndani ya ploti moja: anayeshika koki haoni mwisho wa bomba, na aliye mwisho wa bomba hana mkono kwenye koki.

Mwaka jana wapangaji walikaa kikao kwenye ngazi, kile kikao cha watu waliochoka, kisicho na mwenyekiti. Hoja ya wa chini ilikuwa ya mwenzangu neno kwa neno: "Nikijaza pipa moja badala ya mawili, mama wa juu anapata nini? Maji hayapandi." Ni kweli. Hayapandi. Tone aliloliokoa mtu wa chini lilikuwa linanaswa na jirani yake wa mlango wa pili, mwenye pipa kubwa zaidi. Kujinyima peke yako kwenye ploti ile kulikuwa kumpa zawadi aliye karibu na bomba.

Walichokubaliana kilikuwa rahisi hadi kinachekesha. Maji yakija, nyumba zote zinachota chini kwanza, mitungi sita kila nyumba, kabla pipa lolote halijajazwa. Vijana wanapandisha ya wazee na ya akina mama wenye watoto wadogo. Na anayehesabu mitungi ni mtu wa juu, yule mama wa ghorofa ya sita, kwa sababu yeye ndiye atakayejua kama hesabu imedanganya. Ufunguo alibaki nao keateka, lakini hafungi mpaka mama aseme tumemaliza.

Maji hayakuongezeka hata lita moja. Kilichoongezeka ni kwamba sasa mtu wa chini akipunguza mtungi, mtungi huo unafika mahali. Ana sababu ya kuokoa, na sababu hiyo hakupewa kwa mahubiri. Alipewa kwa kuwekewa kibaba.

Kazini pia tulijaribu kitu. Yale maji yenye chumvi yanayomwagwa na mashine ya kuchuja, lita 2 kwa kila lita 1, yalikuwa yanaenda mtaroni moja kwa moja. Hayana uchafu wowote, ni kwamba tu yamezidi chumvi kwa kioo. Tukaongea na akina mama wanaopiga deki jengo lile, tukaweka mapipa mawili chini ya bomba la kumwagia. Sasa maji hayo yanapiga deki na kusafisha vyoo, na wao wamepunguza kuteka kutoka tangini. Sitakudanganya kwamba kuna mtu wa Kayole aliyepata hata tone. Hakuna. Lakini kabla ya mapipa, ungeweza kuwa mwangalifu kadiri utakavyo na uangalifu wako ukaishia mtaroni. Baada ya mapipa, kuna watu wawili ambao mgongo wao unaumia kidogo kuliko jana.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulikwepa, kwa sababu ndilo linalouma zaidi. Ni nani huambiwa kila siku aokoe maji? Ni watu wetu. Mtu wa Eastlands tayari anaoga kwa lita tano, anaoshea vyombo maji ya kwanza, anayatumia hayohayo kuloweka nguo, kisha anayamwaga chooni. Hakuna mhandisi anayemzidi kwa kudhibiti maji. Na ujuzi huo unaweza kugeuka mtego. Kadiri tunavyozoea kuishi kwa mitungi miwili, ndivyo anayeshika koki kubwa anavyopata nafasi ya kuamini kwamba mitungi miwili inatosha. Uvumilivu wetu unaingia kwenye hesabu zake kama maji ambayo hakulazimika kuyaleta. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki: je, si ni heri tungekuwa wafujaji, ili upungufu uonekane?

Nadhani hapana, na sababu yangu ni ya kifundi. Mfujaji hajui anatumia kiasi gani. Ukimuuliza atakuambia "mengi" au "kidogo," na hakuna ofisi duniani inayotishwa na maneno hayo mawili. Mtu aliyezoea kufunga koki anajua. Anaweza kusema: lita 1.2 kwa dakika zinaosha kioo, lita 2 ni ufujaji. Anaweza kusema: ploti hii ina nyumba 42, jana usiku tulipata mitungi sita kila nyumba, hiyo ni lita 120 kwa familia ya watu wanne, lita 30 kwa kila kichwa, na kiwango cha chini ni 50. Hiyo sentensi inaweza kuandikwa kwenye barua. Inaweza kusomwa kwa sauti kwenye kikao cha wadi mbele ya mwakilishi wenu. Inaweza kukaguliwa, na ikikaguliwa itasimama.

Kwa hiyo uokoaji wa kimya na uokoaji wenye namba si kitu kimoja. Wa kimya unamsaidia aliye karibu na bomba. Wenye namba unaweza kumdai. Ukinibana nichague wajibu mmoja wa kumpa mkaazi wa mtaa wenye mgao, sitamwambia apunguze zaidi. Nitamwambia ahesabu, kisha aseme.

Na mwenzangu nimemjibu hivi, tukiwa tunakunja mpira jioni moja: maji tunayookoa yanaenda kwa aliye na chombo karibu. Kwa sasa aliye na chombo ni mwenye jengo, ndiyo maana yanaishia kwake. Koki bado tutaifunga, kwa sababu kioo hakihitaji zaidi na maji hayana kosa. Lakini tusijidanganye kwamba kufunga koki ndiko kumaliza kazi. Kazi iliyobaki ni ya chombo: kiwekwe wapi, na nani ahesabu. Alikubali nusu. Nusu nyingine alisema ataikubali siku mfereji wa kwao utakapotoa maji.

Naona amesema haki. Ila kabla ya siku hiyo kuna jambo dogo ambalo wewe unayesoma hapa, pengine kwenye simu, pengine kwenye mathree iliyokwama Jogoo Road, unaweza kulifanya leo usiku. Uliza koki ya ploti yenu iko wapi, nani ana ufunguo, na huifungua saa ngapi. Halafu panda ngazi hadi ghorofa ya mwisho, ugonge mlango wa kwanza, na uulize mfereji wao ulitoa nini mara ya mwisho maji yalipokuja.